Nenda dukani na picha zako: kuchagua laptopu ya kazi ya picha Unguja na Pemba

Albamu ile ninayo hadi leo. Bi harusi maji ya kunde, amekaa juu ya mkeka, kisutu begani, hina imekolea mpaka karibu na kiwiko. Kwenye laptopu yangu ya wakati ule picha haikuwa na kasoro. Iliporudi kutoka kuchapwa, uso umekuwa manjano kama mtu aliyepakwa liwa akasahau kunawa, na wekundu wa kisutu unawaka mpaka nakshi zake zimemezwa.

Siku tatu nilimtupia lawama mchapaji. Siku ya nne shoga yangu mmoja, mpiga picha kama mimi, aliweka laptopu yake ubavuni mwa yangu, tukafungua picha ile ile. Nyeupe ya kwangu ilikuwa buluu. Kumbe mwaka mzima nilikuwa naongeza manjano kuufidia ubuluu wa kioo, na nakoleza rangi kwa sababu kioo chenyewe hakikuwa na uwezo wa kuonesha wekundu. Maskini mchapaji alichapa kile nilichompa.

Tangu hapo, vijana wanaoanza kazi hii wakiniuliza, "Dada, ninunue laptopu gani?" siwatajii jina. Nawaambia watie picha zao kwenye flashi, tufuatane dukani. Yafuatayo ndiyo ninayowaambia njiani.

1. Anza na hesabu ya kadi

Chukua kadi ya kamera yenye kazi yako ya mwisho uitazame imejaa kiasi gani. Kamera ya megapikseli 24 inatoa faili la RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, la MB 25 hadi 30 hivi. Ya megapikseli 45 hukaribia MB 50 na pengine kupita. Na harusi yetu si ya saa mbili. Kuna hina, kuna nikaha, kuna usiku wa ukumbini wanawake watupu. Ukirudi na picha 1,500 tu tayari umebeba GB 40. Sasa ipige hesabu diski ya GB 256: toa Windows, toa programu, toa mafaili yako ya nyumbani, kilichobaki kinamezwa na harusi nne. Na harusi nne, ukishaingia Mfunguo Mosi watu wametoka kufunga, si jambo la kungojea mwezi.

Anayepiga JPEG, picha ambazo kamera imeshazibana, za watalii Forodhani na kuzituma jioni ile ile hana haja ya laptopu ninayoieleza hapa, ya kawaida itamtosha. Anayechanganya na video aongeze fungu, maana video inataka diski kubwa zaidi na kadi ya picha yenye nguvu, yaani kile kifaa cha ndani ya laptopu kinachoshughulikia picha.

Kisha gawa pesa kabla hujatoka nyumbani. Katika kila shilingi kumi, saba ndizo za laptopu. Tatu zilizobaki ni za diski mbili za nje, mkoba mzuri na kifaa cha kuzuia umeme unaoruka. Nimeona watu wakimaliza zote kumi kwa mashine inayong'ara, halafu picha za harusi za watu zinakaa mahali pamoja tu, kama yai kwenye ukingo wa meza.

2. Kioo kabla ya kila kitu

Muuzaji ataanza na prosesa, ubongo wa mashine. Mwache aseme, wewe angalia kioo.

Aina yake kwanza. Vioo vya TN ukivitazama kwa pembeni rangi hugeuka. Ukishusha kichwa kidogo uso wa bi harusi unakuwa mweusi, ukikiinua unapauka. Kwa picha havifai hata kwa zawadi. Tafuta IPS. OLED ni nzuri mno, nyeusi yake ni nyeusi kweli, lakini ikitumika sana huacha alama ya menyu zilizokaa mahali pamoja muda mrefu, kwa hivyo ya mtumba ifungulie ukurasa mtupu wa kijivu uitazame vizuri.

La pili ndilo linalotuponza wengi: upana wa rangi, yaani kioo kinaweza kuonesha rangi nyingi kiasi gani. Kiwango cha chini kwa kazi yetu ni kipimo kinachoitwa sRGB, nzima au karibu yake, maana hiyo ndiyo rangi ya mitandao na ndiyo wachapaji wengi wa albamu wanayoipokea. Sasa, laptopu nyingi za ofisi, zile imara zinazojaa kwenye maduka ya mtumba, zilitoka kiwandani na kioo cha 45% NTSC, kipimo chengine cha upana wa rangi. Namba hiyo haifiki hata theluthi mbili za sRGB. Kioo cha 72% NTSC ndicho kinacholingana nayo. Na mtego uko hapa: modeli moja, jina moja, stika moja, lakini ilitoka na vioo viwili au vitatu tofauti. Utasoma kwenye intaneti kwamba kioo chake ni kizuri, na ni kweli, ila siyo hiyo iliyopo kaunta. Ndiyo maana nasema lazima uione ile ile utakayoibeba.

Adobe RGB na P3 ni vipimo vya rangi pana zaidi. Ukizipata alhamdulillahi, usikose usingizi ukizikosa.

Mwangaza usipungue niti 300. Vioo vya niti 220 au 250 vinatosha ofisini penye mapazia, lakini mchana wa kaskazi, madirisha wazi na jua limejaa chumbani, utakuwa unajitazama mwenyewe kwenye kioo. Kwa sababu hiyo hiyo napenda kioo kisichong'ara.

Ukubwa wa inchi 14 naona ndiyo kadiri yake: huingia mkobani ukapanda nao boti ya Pemba bila kuumia bega. Na pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000, kwa hivyo ukiikuza kwa ukubwa wake halisi kioo hicho kinakuonesha kama sehemu moja ya kumi na mbili. Zaidi ya hapo ni raha, siyo lazima. Usimwache muuzaji akakupandishia bei kwa kioo cha 4K chenye rangi mbovu.

3. Ndani ya boma

Stika ya prosesa ya i7 imewauza wengi. Soma namba inayofuata baada ya kistari. Intel i7-7500U ni ya kizazi cha saba na ina viini viwili tu. i5-8250U, ya kizazi cha nane, ina viini vinne. Ya pili ina jina dogo lakini inaipita ya kwanza kwa mbali ukigeuza RAW 800 kuwa JPEG kwa pamoja. Kuna sababu nyengine ya kuanzia kizazi cha nane: Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya hapo, isipokuwa chache mno, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akikwambia "tumekuwekea Windows 11" kwenye mashine ya kizazi cha sita, ameipitisha mlango wa nyuma. Prosesa za AMD, Ryzen 5 na Ryzen 7 za miaka ya karibuni, ni nzuri pia, na mara nyingi bei yake ina huruma.

RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine ikiwa kazini, iwe GB 16. Kwa GB 8 Lightroom, programu ya kusafishia picha, inafunguka, lakini ukiongeza Photoshop na kivinjari utakuwa unanywa chai ukingoja. Uliza kama RAM imechomelewa kwenye bodi au ina nafasi ya kuongeza. Ikiwa imechomelewa, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho.

Diski iwe SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na ya NVMe, aina ya kasi zaidi, kama inapatikana. Diski ya kuzunguka inasoma karibu MB 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya SATA, aina ya zamani zaidi, inafika 550 hivi, NVMe za kawaida zinapita 2,000. Hiyo ndiyo tofauti utakayoihisi kila siku, kuliko i5 na i7. GB 512 ndiyo ya kuanzia, kazi zilizokwisha zihamie nje.

Kadi ya picha ya peke yake siitilii mkazo, isipokuwa kwa mtu mmoja: yule anayepiga kumbi za usiku bila flashi ya kamera na kutegemea zana ya Lightroom ya kuondoa chenga za picha za gizani kwa akili bandia, iliyoingia 2023. Zana hiyo inalemea kadi ya picha. Kwenye laptopu isiyo nayo, picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa, nawe una mia mbili.

Na Mac? Kama fedha inaruhusu na huna mapenzi na michezo ya kompyuta, MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, bado ni mashine ya maana kwetu: kioo chake kinaonesha P3, niti 400, haina feni ya kuvuta vumbi, na betri yake inakaa. Tafuta yenye GB 16, kwa sababu hazina nafasi ya kuongeza chochote. Haina tundu la kadi, utanunua kisomeo. Za 2016 hadi katikati ya 2019 mimi nazipita. Kibodi zake nyembamba zilikuwa na tatizo la vitufe kukwama, mpaka Apple yenyewe ikafungua mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018. Sasa fikiria mchanga wa Paje.

4. Saa moja dukani

Nunua mahali utakaporuhusiwa kukaa. Darajani, Mlandege, au uvuke Dar es Salaam uende Kariakoo, popote, lakini asiyekupa kiti na soketi usimpe pesa. Mtu akikuletea laptopu barazani usiku, mshukuru umuage.

Kwenye flashi yangu mna vitu vitatu: RAW hamsini za harusi, kurasa tupu za rangi moja moja (nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani, buluu), na programu ya CrystalDiskInfo. Mkobani nina picha moja iliyochapwa vizuri, ya bibi mmoja amejifunga kisutu, ambayo faili lake pia limo kwenye flashi.

Juzi nilikwenda na kijana mmoja. Muuzaji, mtu mpole, akatutolea moja imefutwa mafuta mpaka inateleza.

"Hii, dada, kama mpya. Haijashikwa."

"Naiona, kaka yangu. Nipe kiti tu, na waya wake."

Kwanza nikazima ile taa ya usiku inayotia manjano kwenye kioo na ule mwangaza unaojibadilisha wenyewe. Bila hivyo unapima mpangilio wa mtu. Ukurasa mweupe: pembe ya chini kushoto ina kivuli kama doa la chai. Ukurasa mweusi, nikaziba mwanga kwa mtandio: kingo zinavuja mwanga kidogo, hilo nalisamehe. Kisha nikafungua picha ya kisutu, nikasogea na laptopu mpaka mlangoni penye mwanga wa mchana, nikaiweka picha ya karatasi ubavuni. Kwenye karatasi wekundu ni wa damu ya mzee, umetulia. Kwenye kioo ulikuwa wa tofali. Nikamwambia kijana ainame kidogo, atazame hina. Hina ikageuka kijivu. Kioo cha TN, mchezo umekwisha, na wala hatujafika kwenye prosesa.

Ya pili ilipita kwenye kioo. Tukaendelea hivi.

Tukafungua Task Manager tukaona prosesa kwa jina lake kamili, RAM kiasi gani na nafasi ngapi zimetumika, na diski ni SSD au siyo. Tukaendesha CrystalDiskInfo kuona afya ya diski. Tukafungua dirisha la amri tukaandika powercfg /batteryreport. Inatengeneza ripoti yenye namba mbili za kutazama, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ile ilisoma 50,000 na 31,000. Maana yake imebaki na asilimia 62. Muuzaji alikuwa akisema betri "inakaa siku nzima". Tulipomgeuzia kioo aisome mwenyewe alicheka, akashusha bei bila kubishana.

Tukaingiza RAW zote hamsini na kuzitoa JPEG, waya umechomolewa. Hapo laptopu mbovu hujitaja yenyewe: feni inalia kama mashine ya kukuna nazi, au inazima ghafla ikifika asilimia 40. Iache ifanye kazi dakika ishirini, huku unabonyeza kila kitufe na kuchomeka flashi kila tundu. Nyingi za mtumba hupitia Dubai na huja na kibodi yenye herufi za Kiarabu ubavuni, hilo si kasoro.

Halafu toa simu, washa tochi, mulika ndani ya matundu. Ukiona rangi ya kijani, kama ile ya sufuria ya shaba iliyoachwa na chumvi, hiyo imeshakaa karibu na bahari bila kutunzwa. Iache hapo hapo.

Mwisho, iwashe upya uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, ni ya kampuni fulani bado. Kwa Mac, mwambie aifute na aianzishe mbele yako, uiunganishe na intaneti. Ikitaja akaunti ya mtu mwengine au usimamizi wa kampuni, mrudishie. Risiti iandikwe namba ya mashine, siyo "laptopu moja".

5. Umeme, chumvi, mchanga

Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika tukakaa miezi mitatu gizani, hawahitaji kuelezwa kwa nini betri ni muhimu. Siku hizi umeme hukatika kwa saa, lakini hata dakika moja inatosha kuharibu faili lililokuwa linahamishwa. Laptopu iliyokufa betri ni kompyuta ya mezani yenye umbo la kitabu. Fungu la betri mpya litie kwenye bei ukiwa bado dukani.

Chaja nyingi zimeandikwa 100-240V, kwa hivyo umeme ukififia haziumii. Kinachoua ni ule unaorudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa, ngoja utulie ndipo uchomeke. Mimi huangalia kama feni ya darini imeshika mwendo wake.

Chagua inayochaji kwa USB-C. Ukisahau chaja Mjini na uko Wete, mtu yeyote mwenye laptopu ya karibuni atakuazima yake, na pawabenki ya wati 65 inakusogeza mbele pia. Zile zenye pini za duara za kila kampuni na yake, ukipoteza chaja Pemba utangoja boti.

Chumvi haina dawa ila desturi. Usiifungue ufukweni, hata kwa dakika mbili za kumuonesha mtalii picha zake. Tumia kioo cha kamera. Usiku iwe ndani ya mkoba uliofungwa pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kikali kwenda nje masika, iache mkobani nusu saa ipate joto kwanza, la sivyo itatoka jasho ndani kwa ndani.

6. Usiku wa kwanza nyumbani

Punguza mwangaza wa kioo mpaka ukurasa mweupe ulingane na karatasi nyeupe iliyo chini ya taa yako ya kawaida. Picha zetu nyingi zinachapwa nyeusi kwa sababu tunazisafisha kwenye kioo kilichowashwa mpaka mwisho. Kifaa cha kupima rangi, kama Spyder, ni ghali kwa mtu mmoja. Sisi watano tulichangishana, kinazunguka kwa zamu kila mwezi.

Kisha funga diski kwa ufunguo wa siri, isisomeke bila wewe. Hili kwa anayepiga harusi za wanawake si la hiari. Mle ndani mna watu wamevua mitandio yao wakijua hakuna mwanamume atakayewaona. Laptopu ikiibiwa kwenye daladala, au ikilala kwa fundi siku tatu, nenosiri la kuingilia halizuii kitu. Diski hufunguliwa ikachomekwa kwenye mashine nyengine. Kwenye Windows Pro washa BitLocker, kwenye Mac FileVault. Diski za nje nazo zifungwe, na moja kati ya hizo mbili isilale nyumba moja na laptopu. Yangu inalala kwa dada yangu Mpendae.

BitLocker itakupa ufunguo wa tarakimu 48. Ukiupoteza na mashine ikaudai, picha zimekwenda. Wangu niliunakili kwa mkono kwenye karatasi, nikautia kwenye kisanduku cha dhahabu cha mama, kabatini. Kila akitoa mkufu wa kwendea harusini hunyanyua ile karatasi, akaniuliza namba ya simu ndefu hivi ni ya nchi gani.